Mlango wa Chumba cha Binti

Jirani yangu, fundi cherehani, alinijia mara ya kwanza na mlango kichwani, wala hakutaja bei. Mimi hununua milango kuukuu, nami humpunja asiyetaja bei. "Binti yangu anajifungia humo ananusa gundi," alisema, akisugua kidole kilichojaa alama za sindano. "Nimeung'oa." Tangu hapo kila akipita dukani alikishika kitasa, akakizungusha taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Hujauuza, kaka?" "Dada, hapa si makumbusho. Mteja akija, mlango unaondoka." Wateja walikuja; niliwapandishia bei mpaka wakakata tamaa.

Siku moja alikuja na binti mwenyewe, mwembamba, mikono ikimtetemeka. Safari hii mama alitaja bei ya kuununua tena mlango, akanibana mpaka nikakubali hasara. Binti akaniomba bisibisi. Ilimponyoka mara kadhaa, lakini hakutaka kusaidiwa; akakifungua kitasa, akakiweka mezani kwangu. "Hiki baki nacho, mjomba." Mama akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Wakaubeba mlango wao wenye tundu, mama mbele, binti nyuma. Mimi nikabaki na kitasa.