Ng'ombe wa Watu Hawahesabiwi

Taabu yangu ilianza mwaka 1977, nikiwa na miaka kumi na minane. Elimu yangu darasa la saba, basi. Serikali ilitaka kila mtoto asome, walimu hawatoshi, ndipo sisi tukapewa chaki, tufundishe huku tunajifunza. Watu walituita walimu wa UPE, jina la mpango huo wa elimu kwa wote, wala hawakuwa wanatusifu.

Nikatoka kwetu Misigiri nikapelekwa kijiji cha ujamaa kwa Wanyaturu, nikapewa darasa la kwanza. Mlezi wangu kazini alikuwa mwalimu wa kike, mjane, mtu mzima. Alikaa nyuma ya darasa akifuma kitambaa, kimya. Nikikosea hasemi mbele ya watoto. Angoje jioni, kwake, anasonga ugali, ndipo anipe za uso.

Siku moja alikwenda mjini. Nikafundisha kujumlisha peke yangu. Nikamsimamisha kila mtoto aseme baba yake ana ng'ombe wangapi. Nyumbani tulikuwa maskini, hata mbuzi hatuna. Ningejuaje kwamba mifugo ya mtu haihesabiwi hadharani, kwamba ni kuitakia kufa? Kesho yake darasa likabaki tupu.

"We bwana," mlezi akaniambia aliporudi, "umewamaliza ng'ombe wa kijiji kwa mdomo! Vaa shati, twende."

Tukapita nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye aliyetangulia kuamkia wazee, akaniombea radhi kwa Kinyaturu. Mzee mmoja akamuuliza, "Huyu mwanao umemwokota wapi?"

"Nimemzaa jana, baba. Macho hayajafunguka."

Wakacheka. Watoto wakarudi.

Kabla ya mavuno aliugua. Lori la kijiji likampeleka hospitali, likarudi na mwili wake. Nilichimba kaburi pamoja na wanaume wa pale, nikalia kama mtoto, na sioni aibu kuandika.

Aliyechukua nafasi yake hakukaa darasani hata siku moja. Alichungulia dirishani akasema watoto wakisikia, "UPE, hata kufuta ubao hujui?" Tangu hapo hawakunisikiliza. Kila jioni nilikuwa na maswali, wa kumuuliza hayupo. Mwaka haujaisha, nikarudisha chaki. Wanaosema nilishindwa, waseme. Wao walikuwa na mtu wa kumuuliza.

Nikashika jembe, nikalima alizeti, mikono ikapasuka. Leo nina nyumba ya bati Mandewa. Nina mashine ya kukamua mafuta. Nina shamba Unyambwa na pikipiki moja. Cheti cha ualimu sina.