Nilivyojifunza Kuwaonyesha Watu Kwao

Kazi ya kuongoza watalii niliipata kwa sababu sikupepesa macho. Mwanamke aliyeniajiri alikuwa na ofisi ya chumba kimoja mjini Kitale, nyuma ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Alikuwa na gari moja la abiria kumi na wanne na dereva mmoja asiyependa kuongea. Kabla ya hapo alikuwa karani wa shule kwa miaka mingi, na aliniuliza maswali kama mtu anayejaza fomu. La mwisho lilikuwa hili: kwa nini ndovu wa Mlima Elgon huingia mapangoni? Nikamjibu kwamba wanaogopa mvua ya mawe.

Baadaye nilikuja kujua kwamba ndovu hao hufuata chumvi. Hukwangua kuta za pango kwa pembe zao, kisha wakala vipande. Kila mtoto anayeishi karibu na lango la msitu anajua hivyo. Lakini siku hiyo bosi alifunga faili yake akasema, "Umejibu vibaya, lakini umejibu bila kuogopa. Njoo Jumatatu. Huo uongo tutautibu."

Ukweli ni kwamba sikujua chochote. Nilizaliwa mahali paitwapo Kwanza, katika familia ya wakulima waliohamia huko kutoka Mkoa wa Kati. Ningeweza kukuambia, kwa kuuma punje moja tu, kama mahindi yamekauka ya kutosha kuingia ghalani. Mlima nao ulikuwa pale kila siku, upande wa machweo, na sisi tuliutazama kwa sababu moja pekee: kujua kama mvua inakuja. Nilipomwambia baba kwamba nitalipwa kuwaonyesha watu mlima, aliuliza kama watu hao ni vipofu. Mama aliuliza tu kama nitapewa chakula cha mchana.

Dawa ya bosi ilikuwa mtihani. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hata ya chai, alinipa maswali ishirini. Mto Nzoia unaanzia wapi na unaishia wapi? Nzohe, yule swala wa kwenye kinamasi, ana kwato za namna gani, na kwa nini? Watu wa Saboti hupanda viazi mwezi gani? Nilinunua daftari kubwa lenye jalada gumu nikaligawa sehemu sita: milima, mito, wanyama, miti, watu, vyakula. Nilisoma vitabu kwenye maktaba ya mjini. Nilienda pia kwenye saiba, duka la kompyuta za kulipia kwa dakika, ambako mtandao wa siku hizo ulikuwa na mwendo wake. Siku moja nilifungua picha ya Mlima Elgon nao ukaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari: mawingu, mawingu, tena mawingu. Muda wangu ukaisha kabla mlima haujafika.

Safari yangu ya kwanza haikuwa ya wazungu. Ilikuwa ya akina mama kumi na wawili wa kanisa moja la Bokoli, karibu na Webuye, waliokuwa wamesema kwa miaka mingi kwamba wataliona pango la ndovu kabla magoti hayajakataa. Tuliwachukua asubuhi. Mbele kabisa aliketi mwenyekiti wao, mama wa miaka sitini na kitu, mkoba juu ya mapaja, macho yake kwangu. Nilisimama nikiwa nimewapa mgongo dereva na barabara, daftari mkononi, nikaanza.

Niliwaambia kwamba jina la Bungoma linatokana na ngoma, kwa kuwa watu wa huko zamani walipenda sana kupiga ngoma. Hilo sikuwa nimelisoma popote. Nililibuni asubuhi ile nikipiga mswaki, kwa sababu maneno yenyewe yalifanana.

Mama mmoja wa nyuma aliitikia kwa kichwa. Alisema hata baba yake alikuwa akisema hivyo, kwamba ni ngoma. Nilijisikia msomi. Lakini aliyeketi kando yake akasema hapana, jina hilo ni la watu walioishi pale zamani, waliokuwa wakiitwa Bongomek, na babu yake ndiye aliyemwambia. Wa kwanza akauliza kama babu huyo ndiye yule aliyekuwa akisahau majina ya wake zake. Ndipo gari zima likagawanyika, upande huu ngoma, upande ule Bongomek. Tulipita kinamasi cha nzohe. Nzohe mwenyewe alikuwa amesimama wazi, majini hadi magotini, jambo ambalo watu hulingojea kutwa nzima, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa.

Mama mwenyekiti peke yake hakuchagua upande. Alinigeukia akauliza kwa sauti ya chini, "Na wewe, nani alikuambia hiyo ya ngoma?"

Nikasema nilisoma.

"Kitabu gani?"

Dereva, ambaye hakuwahi kunisaidia kabla ya siku ile wala baadaye, akakohoa.

"Basi andika," mama mwenyekiti akasema. "Andika zote mbili, na uandike nani alisema. Usituchagulie."

Niliandika nikiwa nimesimama, gari likiruka mashimo, na mwandiko wa ukurasa ule mpaka leo unafanana na nyayo za kuku. Tulipoanza kupanda, nikataja Mlima Elgon, naye akaniuliza kwetu tunauitaje. Nikasema mama yangu huuita tu mlima. Waliangua kicheko wote kumi na wawili, na hapo vita vya ngoma vikaisha. Akaniambia kwamba kwao unaitwa Masaba. Mwingine akanieleza majani gani ya msituni hutibu tumbo, mwingine akaniambia ni miti gani hukatazwa kukatwa. Kufikia lango la msitu walikuwa wao wanaongoza na mimi ninaandika.

Pale pangoni angalau nilikuwa na jambo moja la uhakika. Niliwaonyesha mikwaruzo ya pembe ukutani nikawaeleza habari ya chumvi. Kisha mama mmoja akapitisha kidole ukutani, akakilamba, akafikiri.

"Ni kweri," akasema. "Ina chumvi kidogo."

Wengine hawakutaka kuhadithiwa. Dakika chache baadaye kikundi cha wageni kutoka ng'ambo kiliingia na mwongozaji wao, mwanamume mwenye kofia pana na sauti ya redio, wakakuta akina mama kumi na wawili waliovaa vitambaa vya kanisa wamepanga mstari mbele ya ukuta, kila mmoja na kidole mdomoni. Mwongozaji yule alinitazama ili nimweleze. Nikamwambia tunahakikisha.

Siku ile mama mwenyekiti aliniambia niwe ninakwenda kwake Bokoli Jumamosi, kama kweli ninataka kujua. Nilikwenda karibu mwaka mzima. Hakunifundisha nikiwa nimekaa. Jina la mboga nililipata nikiichuma, jina la kuni nikizipasua, na hadithi ya mto nilipewa nikiwa na mtungi kichwani, wakati ambapo sikuweza kuandika. Nikirudi nyumbani kwake nilikimbilia daftari kabla sijasahau, naye alicheka akisema ninashika kalamu kama mtu anayefukuza inzi.

Huko ndiko nilikoharibu sehemu ya vyakula ya daftari langu. Mama mwenyekiti alinipikia mboga ya kuteleza akaniambia inaitwa murere. Nikaandika murere. Jumamosi iliyofuata jirani yake alinipa mboga ya kuteleza akaniambia ni mulele. Nikaandika mulele, mstari wake wenyewe, pamoja na maelezo kwamba hii huteleza zaidi. Mimi ndiye niliyepaswa kuwa mtu wa mwisho kudanganyika, maana hata kwetu herufi hizo mbili, r na l, ni ndugu na hubadilishana nguo. Lakini daftari lilikuwa limenipa kiburi. Mtu akishapanga vitu kwenye mistari, huona kila mstari ni kitu.

Mwaka uliofuata tukampata mgeni wa aina yake, mzungu mzee aliyekuwa mwalimu wa elimu ya mimea, mwenye miwani miwili iliyoning'inia shingoni. Hakutaka ndovu. Alitaka kuona watu wanakula nini. Nikamweleza, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba eneo letu lina mboga mbili za kuteleza, murere na mulele, na kwamba wengi huzichanganya. Akaniomba nimpeleke azione zote mbili bega kwa bega.

Tulikwenda soko la Bungoma. Nilimwendea mama mmoja mwenye lundo kubwa la majani mabichi nikamwomba fungu moja la murere na fungu moja la mulele. Aliniangalia, akamwangalia mzungu, akaangalia kalamu ya mzungu. Kisha akachota fungu upande wa kulia wa lundo, na fungu la pili upande wa kushoto wa lundo lilelile, akaniwekea moja kila mkono.

Mgeni wangu alivaa miwani ya kwanza, akavaa na ya pili juu yake. Alilinganisha jani kwa jani, shina kwa shina. Alihesabu meno ya pembeni mwa majani. Watu walianza kukusanyika. Baada ya robo saa hivi akaniuliza, kwa adabu kubwa, tofauti yenyewe iko wapi, kwa maana yeye imemshinda.

Nilihisi uongo unapanda kooni, mtamu, uliopangika vizuri, wa magadi yanayotiwa katika mboga moja na si katika nyingine. Nilikuwa nimefungua mdomo dereva wangu alipoamua kutumia maneno yake ya mwezi huo. Alimuuliza muuzaji moja kwa moja kama hizi ni mboga mbili au moja.

"Ni kitu moja, bana," muuzaji akasema. "Si ni yeye ametaka mbili?"

Soko lilicheka, dereva akacheka, na mimi nikatamani kuingia chini ya lundo. Mzungu alipoelezwa alicheka kuliko wote, akavua miwani yote miwili akafuta macho. Hakunikasirikia. Mchana huo aliagiza mboga ile hotelini, akala kwa uma, na sehemu kubwa ikashuka kwenye shati lake. Bado hakuacha.

Jumatatu bosi wangu alikuwa ameshapata habari, na haikuwa lazima niulize kutoka kwa nani. Akaweka sheria mbili. Ya kwanza, hakuna neno litakaloingia daftarini mpaka lithibitishwe na watu watatu wa nyumba tatu. Ya pili ilinishangaza: kwenye mitihani yake, jibu la "Sijui, nitauliza" litapata nusu alama. Wiki iliyofuata nikapata kumi juu ya ishirini bila kusoma, akaongeza sheria ya tatu kwamba jibu hilo litumike mara mbili tu.

Lakini barabarani lilinifaa. Mara ya kwanza kumwambia mgeni sijui, nililisema kwa sauti ya mtu anayekiri wizi. Yeye akasema sawa, akaendelea kutazama nje.

Kwa miaka miwili hivi nilifikiri kazi imekwisha. Nilidhani maarifa ni kama mahindi: ukishayakausha ukayaweka ghalani, unayachota tu. Sikukumbuka kwamba hata ghalani huingia dumuzi. Kwenye barabara ya Saboti kulikuwa na mkuyu mkubwa ambao niliupenda sana, na nilikuwa na maneno yangu juu yake niliyoyajua kwa moyo. Nilikuwa nikiyasema nikiwaangalia wageni, mgongo wangu kwa mkuyu. Siku moja nikawaambia watazame kushoto, waone mti ambao watu watano hawawezi kuukumbatia. Wageni walitazama. Wakaendelea kutazama. Mmoja akauliza kama ni mti wa kiroho.

Niligeuka. Palikuwa na msingi wa nyumba, rundo la kokoto, na mwanamume anayechoma mahindi, ambaye alitupungia mkono kwa furaha.

Nilimuuliza dereva mti ulikatwa lini. Akasema wiki tatu zilizopita. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, naye akasema nilikuwa ninauelezea vizuri.

Tangu hapo nilitenga Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi kukagua ninayoyajua. Nilitembea na daftari kutoka sokoni Kitale hadi stesheni ya reli ambayo haikuwa na treni, nikiandika kilichofungwa, kilichohama, kilichopakwa rangi. Miezi ya kwanza watu walidhani ninatoka baraza la mji kukagua leseni. Nikitokea kona, maduka yalijifunga moja baada ya jingine, na kinyozi mmoja alimwacha mteja nusu kichwa akatorokea mlango wa nyuma. Ilibidi nimsubiri pamoja na mteja wake, nikamweleza shida yangu ni nini. Baada ya hapo habari zilisambaa, na wao ndio wakawa wananiita.

Ijumaa moja fundi wa viatu alinikimbilia akaniambia niandike kwamba amehamia nyuma ya kinu cha kusaga unga, karibu na bomba. Niliandika. Wiki iliyofuata nilikuwa na wageni watatu kutoka Nairobi, na katikati ya maelezo yangu kuhusu ndovu mmoja wao aliinua mguu akaonyesha soli iliyofunguka mdomo. Akauliza kama ninajua fundi mzuri hapa mjini. Nikamwambia hilo ninalijua, na pango likasubiri mpaka alasiri.