Maji Kwenye Chumba cha Jenereta

Kama ulikuwa hujui, wapo mafundi bomba wanaoogopa maji, na mmoja wao aliajiriwa kwenye kituo cha afya kilichojengwa bondeni. Wenzake walimwita Fundi Mkavu. Jina alilipata kwa sababu aliweza kutengeneza koki iliyopasuka, maji yanaruka kila upande, akaondoka hapo shati kavu na suruali kavu, na wewe uliyekuja kutazama tu ndiye umelowa chepechepe. Watu walidhani ni ufundi. Ufundi alikuwa nao, lakini ile ilikuwa hofu. Alisimama mbali, akanyoosha mkono wenye spana, na kabla ya kugusa chochote alishakwenda mara mbili kuhakikisha valvu kubwa ya nje imefungwa.

Hofu yenyewe aliipata utotoni. Mto ulivunja kingo zake mchana kweupe, ukapita jikoni kwa mama yake ukazoa masufuria, kuku na ukuta mmoja, na yeye akakutwa juu ya kabati, kang'ang'ania mlango wake, hawezi hata kulia. Alipokua akachagua kazi ya bomba. Aliyemuuliza sababu alijibiwa kwamba yeye anapenda maji yenye adabu, yanayokwenda yanakotumwa na kusimama yanapoambiwa simama. Yale mengine, ya mtoni na ya mvua, hakutaka hata salamu yao.

Kwa hiyo mwaka ule mafuriko yalipoingia kituoni yakaharibu magodoro na dawa, hakuna aliyehangaika kama yeye kuyazuia yasirudi. Aliisumbua kamati mpaka wajumbe wakawa wanabadilisha njia wakimwona. Kwenye fremu za milango zikawekwa reli za chuma, ili mvua ikichachamaa mbao nene ziteremshwe humo, moja juu ya nyingine, ziwe ukuta. Vikaja viroba vya mchanga. Ikaja pampu kubwa ya petroli pamoja na mipira yake miwili, wa kuvuta na wa kutema. Kilichoshindikana ni chumba cha jenereta. Kilikuwa kule nyuma, chini kuliko jengo zima, aliyekichora huko anajua mwenyewe alikuwa anawaza nini, na kamati ikasema kuliinua dubwana lile ni kazi ya mwakani. Basi fundi akachimba shimo kwenye kona ya chumba, akatumbukiza humo pampu ndogo ya umeme ya kutolea maji yatakayopenya, na kila akipita hapo alikitazama kile chumba kwa jicho baya.

Mwakani hiyo ikafika, na ikaja siku ambayo binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa wodini kwa uchungu wa uzazi.

Mvua ilianza asubuhi kwa upole wa kinafiki. Adhuhuri ilikuwa inapiga mabati kama inadai kuingia. Umeme wa mjini ukakatika, jenereta likawashwa, na mtu aliyetoka upande wa daraja akaleta habari kwamba daraja halionekani tena. Daktari, kijana mwembamba ambaye siku zote alitembea taratibu, alimjia fundi ukumbini huku akikimbia. Fundi alipoona tu ule mwendo, akajua si salama.

"Mzee, mtoto amelala vibaya tumboni. Amejikingamisha. Hatoki kwa njia ya kawaida."

"Sasa?"

"Ningempeleka hospitali kubwa, lakini daraja ndiyo hivyo. Nampasua hapahapa. Vifaa ninavyo, dawa ninazo. Ninachoomba kwako umeme usikatike. Taa, mashine ya hewa, vyote viko kwenye hilo jenereta lako."

Jana lilikuwa jenereta la kituo. Leo limekuwa lake. Fundi akaenda kumtazama mkewe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, mikono ameifumbata magotini. Akataka kukaa naye kidogo.

"Nenda bwana," mkewe akasema. "Hapa unatetemeka tu unanipandisha presha. Kama una la kumfanyia mwanao, liko huko chini."

Akaenda. Hakwenda peke yake, alikuwa na mlinzi wa kituo, mzee mwenzake na mtani wake wa miaka, ambaye watu wote walimwita Afande ingawa jeshi alilisikia kwenye redio tu. Afande alikuwa mtu wa amri. Ukimwambia simama hapa, hata usipomrudia leo, kesho utamkuta palepale anakusubiri. Fundi akamtuma akalinde chumba cha jenereta, na yeye akabaki mlango wa mbele akikaza kabari za mbao.

Maji ya nje yalikuwa yameshapita ubao wa tatu. Rangi ya matope, yana povu, yana matawi, na yalikuwa yanasukuma. Fundi aliweka kiganja kwenye ubao akausikia ukitetemeka. Kutoka kwenye maungio yalipenya machirizi membamba yakamrukia kifuani, na kila chirizi lilipomgusa alitamani kupiga kelele. Alijua hesabu moja tu, kwamba nyuma ya mbao zile kuna ule mto wa jikoni kwa mama yake, na nyuma yake yeye kuna mwanawe amelazwa, ameshachomwa dawa ya usingizi.

Mara sauti ya Afande ikaja kutoka mwisho wa ukumbi, imechanganyika na kelele za mabati. "Fundi! Huku yanaongezeka! Pampu ndogo inazidiwa!"

"Funga pampu!" fundi akapiga ukelele, mdomoni ana misumari.

"Nifunge?"

"Funga haraka!"

Haukupita muda Afande akarudi, koti lake la mvua likiburuza. "Tayari. Nimefunga."

"Umeshamaliza? Mara hii?"

"Kwani kazi kubwa hiyo?"

Fundi alimwangalia kwa heshima mpya. Juzi alimwonyesha namna ya kuunganisha mipira ya pampu ya petroli, akadhani hakushika kitu. "Kumbe na wewe fundi!" akamwambia, na roho ikamtulia kidogo. Wakashirikiana kupanga viroba, kimoja baada ya kingine, mpaka migongo ikawauma. Machirizi yakapungua. Fundi alianza kuamini kwamba huenda siku hii itapita.

Ndipo taa za ukumbini zikafifia. Zikafifia, zikatetemeka, zikarudi. Kutoka chumba cha upasuaji daktari akaita, na sauti yake haikuwa ya mtu mtulivu, "Fundi! Umeme!"

Alikimbia. Alipofika kwenye ngazi za chumba cha jenereta miguu ikagoma yenyewe. Chini hakukuwa na sakafu. Kulikuwa na maji meusi yaliyotanda ukuta kwa ukuta, na jenereta lilikuwa katikati linanguruma, maji yamebakiza kama upana wa kiganja kufika kwenye kinu cha umeme. Pampu ya petroli ilikuwa bado juu ya rafu yake, mipira imeviringishwa vilevile alivyoiviringisha yeye.

"Afande, umefunga nini?"

"Pampu. Si ulisema funga? Nimeizima pale swichini."

Fundi akaitazama ile mipira. Kwa fundi, kufunga pampu ni kuisimika mahali pake, uunganishe mipira, uiwashe ifanye kazi. Lakini Afande alikuwa amefunga mageti na milango tangu ujana wake, na kwake kufunga ni kufunga. Alikuwa ameizima ile ndogo, ambayo ndiyo peke yake iliyokuwa inapigana, akaenda zake kupanga viroba akiwa na furaha ya mtu aliyetimiza wajibu.

"Mungu wangu," Afande akasema alipoelewa, na uso ukamsawajika. "Mungu wangu, nimemuua mtoto wa watu."

"Nyamaza! Mdomo uliosema funga ni wangu. Shika upande huo tuibebe."

Afande akairudisha swichi ya ile ndogo, haikuwaka tena. Wakaishusha pampu ya petroli wakaiweka nje, chini ya upenu wa paa, moshi wake uende na upepo. Vidole vya fundi vilikuwa vinakataa kazi ambayo vingeifanya usingizini. Mpira wa kutema ukaingia mara moja. Wa kuvuta ulimtoka mkononi mara mbili. Afande akavuta kamba, pampu ikakohoa, akavuta tena, ikawaka. Wakaurusha mpira wa kuvuta chumbani, nao ukaelea juu juu kama nyoka mvivu, ukanywa hewa, pampu ikapiga mayowe bila kutoa hata tone.

Mdomo wa mpira ulitakiwa ushikiliwe chini, ndani ya shimo. Na shimo lilikuwa mahali fulani mle ndani ya maji meusi, halionekani.

Afande alikuwa ameshaanza kuvua buti.

"Acha," fundi akasema. Alisikia sauti yake inatoka ikiwa nyembamba, kama ya mtoto. "Kaa na petroli. Shimo nalijua mimi."

Akateremka. Maji yakamshika vifundo, yakamshika magoti, baridi yake ikampanda mpaka kwenye meno. Ukutani, juu kidogo ya maji, kulikuwa na kiungo cha waya mkubwa alichokizungushia utepe kwa mikono yake mwenyewe, na hakuweza kukumbuka kama aliuzungusha utepe ule vizuri au alikuwa anawahi chakula. Maji yakifika pale, yeye amekwisha, na aliyeko juu ya meza amekwisha. Kuzima haiwezekani, daktari yuko kazini. Akapapasa kwa unyayo, akaukuta ukingo wa shimo, akafumba macho akajiachia. Maji yakamfika kifuani.

Aliogopa. Tusimpambe. Alilia kwa sauti, akimwita mama yake aliyekwisha kuzikwa zamani, na kitu fulani laini kilipompita mguuni alijikojolea humo humo. Lakini mdomo wa mpira aliukandamiza chini kwa mikono miwili. Mlio wa pampu ukabadilika, mpira ukaanza kunywa maji. Nje Afande akapiga kelele, "Unatema! Unatema, fundi!" Kila baada ya muda majani yaliuziba, mara mfuko wa plastiki, mara ndara ya mtu, naye ikambidi azame mpaka kidevuni ayaondoe kwa vidole. Alikitazama kiungo cha waya tu. Maji yalikuwa chini yake upana wa vidole vitatu. Yakabaki hapo. Yakabaki hapo kwa muda mrefu kuliko uzazi wowote. Halafu ukutani pakaonekana mstari mwembamba wa unyevu, juu ya maji, na fundi akaelewa kwamba yameanza kushuka.

Mkunga akachungulia mlangoni juu ya ngazi, glovu bado ziko mikononi. "Mzee! Wa kiume! Mzima!" akapiga ukelele, akageuka akakimbia.

"Na mama yake?" fundi akauliza. Mngurumo wa jenereta ukameza swali. "Na mama yake je?"

Hakuna aliyejibu. Mkunga asingekimbia vile kama mambo yangekuwa mazuri. Hilo ndilo lililomwingia kichwani, likakaa. Akaendelea kushika mpira. Akajiambia kwamba jenereta likinguruma maana yake bado wanamshughulikia, na anayeshughulikiwa yuko hai. Akaanza kuupenda ule mngurumo, yeye aliyeutukana miaka yote.

Maji yalikuwa yameshuka mpaka kiunoni alipomwona mkewe anashuka ngazi, nguo ameikunja, anashika ukuta. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amelia tangu mchana, hayakusema lolote. Akasimama ngazi ya mwisho, akamsogezea mdomo sikioni.

"Daktari anasema uzime."

Fundi akazidi kuukandamiza mpira. "Nizime kwa nini?"

"Amemaliza. Anasema mafuta yanaungua bure."

Amemaliza. Neno gani hilo? Mtu humaliza kazi, na mtu humaliza pia pale ambapo hakuna la kufanya tena. Alipanda kutoka shimoni, akaenda akasimama mbele ya jenereta, akaikumbatia swichi yake kwa viganja vyote viwili kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya. Maadamu linanguruma, hakuna aliyemwambia kitu. "Sizimi," akasema. "Waambie sizimi."

"Wewe mwanamume, zima!" Mkewe alikuwa ameingia majini, anamvuta mkono. "Mwanao ameamka. Anauliza ni nani huyo anayempigia kelele, yeye anataka kulala!"

Akamtazama midomo ili ahakikishe. Akamwambia arudie, akarudia. Ndipo akazima.

Kimya kiliingia ghafla mpaka masikio yakamuuma. Na ndani ya kimya hicho, kutoka mwisho wa ukumbi, akasikia mtoto mchanga analia, sauti imeshamkauka, kumbe alikuwa analia muda wote ule. Fundi aliegemea jenereta, likiwa bado la moto linamuunguza kiganja, na hakuuondoa mkono mpaka mkewe alipomtoa.