Povu la Joab na Kijiti cha Kiberiti

Mbaraki nzima, hapa Mombasa, hakuna aliyeijua bia kunishinda mimi, Charo, ingawa shule niliiacha darasa la sita, au tuseme ndiyo iliyoniacha. Kwa hiyo mwaka wa tisini na tano, jirani yangu Joab alipofikwa na makubwa, alijua mlango wa kubisha.

Joab ni Mbukusu, karani wa bandarini, mpole kama kuku mgeni. Bia alijipikia mwenyewe nyumbani, kwa kimea na hamira alizopewa na mpishi wa meli. Tamu! Ila povu: ukimimina lapanda, ukipepesa jicho halipo, glasi yabaki kama chai ya rangi iliyopoa.

"Mjomba, nimekwisha," akaniambia. "Nilimwandikia babake mchumba wangu Nasipwondi kwamba povu langu labeba kijiti cha kiberiti. Anakuja baada ya wiki tatu akione. Kikizama, harusi hakuna."

"Mzee Seth? Yule aliyestaafu kiwanda cha bia? Si bora ungemwambia una meli!"

Nikaushika usukani. Kimea aongeze, glasi azisugue kwa majivu. Chupa moja tuliitia ute wa yai, hiyo tusiizungumze.

Siku ya kupika upya, nilikuwa nimemshikia kifumbu achuje. Kifumbu ni kile kikapu chembamba cha kukamulia tui, na tangu bia ya kwanza ni mimi niliyemwazima. Nilijisifu sana kwa akili hiyo. Mke wangu Kanze akapita, akasimama.

"Baba Fondo, hicho si nimekamulia tui la wali asubuhi?"

"Nimekisuuza."

"Umekisuuza! Kina mafuta ya nazi ya miaka minane. Hata povu la sabuni hufa kwenye sufuria ya mchuzi, sembuse la bia?"

Joab akanitazama. Nami nikamtazama Joab, kwa ukali.

"Umesikia? Ndilo nililotaka ulitambue mwenyewe."

Tukachuja kwa kitambaa kipya cha marekani, kilichochemshwa.

Jumamosi ya ahadi Mzee Seth akaketi, hakugusa hata viazi karai alivyoandaliwa. Mimi nilivigusa kwa niaba yake. Joab akamimina. Povu likapanda, jeupe, likatulia. Mzee akalaza kijiti juu yake, akatazama saa. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, kijiti kimelala kama sultani kitandani.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Mimi hapa!" nikaruka. "Tazama lilivyoshikana, mzee!" Nikalichovya kidole kumwonyesha.

Povu likaingia shimo, shimo likawa ziwa, kijiti kikazama. Kidole changu kinachong'aa kwa mafuta ya viazi kikabaki hewani.

Joab akafumba macho. Mzee Seth akakitazama kidole, akaitazama sahani tupu, akacheka hadi kofia ikamdondoka.

"Mwanangu, binti nitakupa," akamwambia Joab. "Lakini siku ya harusi, huyu jirani yako anywe kwa kikombe chake."