Mkono Niliokataa Kuunyoosha

Kosa ninalotaka kulianika ni la watu wazima wenye madaraka wanaoogopa kushindwa, kisha wakaupa woga wao jina la heshima: kamati ya ufundi, ile inayotafuta ushindi kwa waganga. Nanyi vijana mnaocheza mpira chini ya watu wa namna hiyo, sikilizeni, kwa maana mwili unaochanjwa ni wenu, si wao.

Nilizaliwa Zagayu, katika nyumba ya wakulima wa pamba. Miaka ile chama cha ushirika kilikuwa kimeyumba, na wanunuzi binafsi walikuwa wameingia Bariadi na malori yao. Mmoja wao aliunda timu ya mpira ili jina lake lisikike kwa wakulima. Mimi nilikuwa kipa wake. Sifa yangu haikuwa kudaka tu. Niliweza kuurusha mpira kwa mkono wa kulia ukavuka mstari wa kati na kumkuta mshambuliaji wetu akikimbia. Kwa mkono huo tulitoka ligi ya wilaya tukaingia ya mkoa, na kocha wa timu moja ya Mwanza iliyocheza ligi ya taifa akaahidi kunijaribu.

Kabla ya mchezo wa mwisho wa msimu, kamati ilitukusanya ndani ya ghala la pamba. Mganga alikuwa na dawa nyeusi na wembe mmoja, ambao ulipita kwa wenzangu wote kabla ya kunifikia. Nilisema siutaki wembe uliolowa damu za wengine.

"Kipa asiyechanjwa hakai golini kwangu," alisema mwenyekiti wa kamati. "Au wapinzani wamekununua?"

Wanaume wawili wakanishika. Nilichanjwa mkono wa kulia, juu ya kiwiko, na dawa ikasuguliwa ndani ya damu.

Tulishinda. Wakamsifu mganga.

Haukupita muda, mkono ukaanza kuwaka. Ulivimba hadi ngozi ikakaza na kung'aa. Usaha ulitoka kwenye chale, kwanza wa njano, kisha wa kijani, ukinuka hata mimi mwenyewe nikageuza uso. Homa ilinitetemesha juani, na vidole vikakataa kufumba. Mwenyekiti alikuja chumbani kwangu pamoja na mganga.

"Wapinzani wametujibu," alisema. "Tuongeze chale. Hospitali usiende, sindano inaua dawa."

"Mkono ni wangu. Hamtauchanja tena."

"Una kiburi, kijana."

"Ninacho."

Sikuweza hata kusimama, lakini sikuunyoosha. Wakakaa mlangoni wakinywa chai, wakingoja nilegee.

Wakiwa hapo, dada yangu mkubwa, aliyeolewa Nkoma, akafika kwa baiskeli baada ya kusikia ninaumwa.

"Mwangaluka, mayu," mwenyekiti alimsalimu kwa Kisukuma, kwa unyenyekevu wa ghafla.

"Salamu zako baki nazo! Mtu ananuka akiwa hai, nanyi mnakunywa chai? Ng'ombe wako akivimba mguu unamwita bwana mifugo. Mdogo wangu unamwitia wembe!"

Akanipandisha kwenye keria, akanifunga kwa kanga nisianguke, akaisukuma baiskeli hadi hospitali.

Daktari alibonyeza, akakunja uso. "Usaha umefika kwenye mfupa. Nitapasua na kusafisha. Ikishindikana, nitaukata karibu na bega."

"Mimi ni kipa, daktari."

"Kwanza uwe na mkono, bwana. Golini utakwenda baadaye."

Alipasua. Kidonda kiliachwa wazi, kikajazwa gozi, kitambaa chepesi cha vidonda, kila asubuhi, na gozi hiyo ilipovutwa nililia bila aibu. Nilichomwa sindano zilezile zilizodaiwa kuua dawa. Homa ikashuka, nyama nyekundu ikaota. Mkono ulibaki, ila kiwiko kilikuwa kigumu, hakikunjuki.

Dada alinichukua Nkoma. Akirudi kutoka kuchuma pamba alisimama mwisho wa uwanja wake na kunilazimisha nirushe mpira.

"Huo ndio mrusho? Kuku wangu wanaruka mbali zaidi!"

Kila mrusho uliniuma hadi begani. Nikarusha, nikarusha tena, hadi siku mpira ulipompita kichwani ukaangukia shambani kwa jirani.

Msimu uliofuata nilikwenda Mwanza, nikajaribiwa, nikachukuliwa. Siku ya mchezo wangu wa kwanza wa ligi ya taifa, mzee mmoja wa timu aliingia chumba cha kubadilishia nguo akiwa na wembe. Nilivua fulana, nikamwonyesha kovu.

"Hapa pamejaa," nikasema. "Tafuta mwingine."

Tulifungwa bao moja. Hakuna aliyekufa, na kocha akanipanga tena.

Ndugu zangu, jeraha linalotoa usaha lipelekeni hospitali siku hiyohiyo. Anayekuzuia, mwulize kama yuko tayari kukupa mkono wake. Namshukuru Mungu, namshukuru na daktari yule. Lakini kabla yao wote wawili kuufikia mkono wangu, alikuwapo mwanamke aliyekataa kumheshimu mwenyekiti: dada yangu, Nkwimba Malale.