Dozi ya Dume kwa Ndama

Asubuhi moja ya kipupwe, nikiwa dukani kwangu Sumbawanga na kanga nimejifunga juu ya sweta, nikisubiri mashine ya kutoa nakala ipate moto, mtu mwenye picha ya ng'ombe mahali pa sura yake aliweka programu kwenye kundi letu la mtandaoni. Kundi hilo ni la Watanzania wanaotengeneza programu za simu na kompyuta. Wengi wako Dar es Salaam na Mbeya. Mimi nilijifunza mwenyewe, kati ya mteja na mteja, na mle kundini ndimo nilimopata walimu.

"Habari zenu wakubwa," aliandika. "Nimetengeneza hii ya kupigia hesabu dawa ya minyoo. Unapima kifua cha ng'ombe kwa utepe, unaandika kipimo, inakuambia umpe dozi gani. Wafugaji wa huku wameanza kuitumia mnadani, njia ya Mwimbi. Naomba maoni."

Maoni yakaja. Ndani ya programu kila kitu alikuwa amekipa jina la Kisukuma, na hilo likawa sherehe. "Mshikaji, hii ni programu au umeita ng'ombe wa babu yako kwa majina?" Mwingine akasema rangi zake zinaumiza macho. Mwingine, ambaye huwa hakosi neno: "Hongera sana kaka. Sasa futa yote uanze upya." Chini yake vikajipanga vikatuni vya kucheka.

Mimi niliifungua kwenye simu nikaijaribu. Niliandika kipimo cha dume, ikanipa dozi ya dume. Nikasogea kwa mnyama wa pili, kidole kikateleza, nikabonyeza kabla sijaandika chochote. Ilipaswa ikatae. Haikukataa. Ilinipa dozi ileile ya dume. Nikarudia, ikanipa tena. Kisanduku kikiachwa wazi, programu ilikuwa inakumbuka mnyama aliyepita, na kama aliyefuata ni ndama, basi ndama angepigwa dawa ya dume.

Katika vicheko vyote vile hakuna aliyekuwa ameliona.

Nilianza kuandika. Nilikuwa nimeshaona watu wakichekwa humo hadi wakapotea, sikutaka huyu naye apotee, kwa hiyo kila neno nililigeuza mara mbili. Nikaanza na "Kaka, hongera." Nikamsifu kwa hesabu yake, kwa maandishi makubwa yanayosomeka juani, kwa kuwafikiria wafugaji. Kisha nikaeleza kasoro, nikamwonyesha namna ya kuiona mwenyewe, nikamwekea na mistari michache ya kuirekebisha. Nikatuma. Mteja wangu alikuwa ameshachoka kusimama.

Kabla ya mchana kundi likatangaza kwamba mwenye picha ya ng'ombe ameondoka.

Nilimwandikia pembeni. Ikaja tiki moja, ikabaki moja. Nikampigia msimamizi wa kundi.

"Dada, achana naye," alisema. "Ukileta kazi yako sokoni lazima uvumilie. Akikomaa atarudi."

"Na ndama?"

"Ndama gani?"

Sikutulia tena. Nilitoa nakala ya cheti cha mtu upande usio na maandishi, nikamkabidhi, akanirudishia. Nyumbani mama alikuwa anapepeta ulezi uani, upepo ukimsaidia, na mimi nikawa naingia na kutoka, simu mkononi. Akanitazama, akasema kwa Kifipa kwamba ninaishika simu kama mtu aliyeshika mtoto mwenye homa. Nilipomweleza, aliweka ungo chini.

"Mnada ni kesho kutwa," akasema, sasa kwa Kiswahili, kama anavyofanya akiwa hataki mabishano. "Nenda."

Siku ya mnada nilipata lifti ya lori lililokuwa linafuata mahindi. Uwandani upepo ulikuwa unalaza nyasi, na dereva alikuwa mwongeaji, lakini sikumbuki alichosema. Mnadani nikauliza kila niliyekutana naye: yuko wapi yule kijana wa programu ya dawa? Wakatikisa vichwa. Mwishowe mzee mmoja aliyeegemea fimbo, nilipomwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kisha akanisahihisha.

"Kijana hakuna. Labda unamtafuta yule mama wa dawa."

Alikuwa nyuma ya meza yenye chupa na sindano, mwanamke wa umri wangu, koti la mvua limefungwa hadi shingoni. Nilipojitambulisha kwamba natoka kundini, uso wake ukajifunga.

"Umekuja kunichekea hapahapa?"

"Hapana, dada. Mimi ndiye niliyekuandikia yale marefu."

"Aa. 'Kaka, hongera.'" Akapanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangika. "Yule mwingine naye alianza na hongera. Nikaona na wewe umeanza hivyohivyo, tena mrefu, nikasema huyu kaja kunimaliza. Sikusoma. Nikafuta kundi, nikafuta na ile ya kuchatia."

Hakuwa amesoma hata mstari mmoja wa chini. Safari nzima nilikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyeumia kwa maneno yangu, na maneno yenyewe hayakuwa yamemfikia.

"Naomba simu yako," nikamwambia. "Andika kipimo cha dume. Haya, nenda kwa ndama. Usiandike kitu. Bonyeza."

Akabonyeza. Akaangalia. Akabonyeza tena, taratibu.

"Mungu wangu," akasema, akakaa juu ya kreti. "Kuna ndama wa pale kwa jirani alitetemeka akatoka mapovu baada ya dawa. Tulidhani nyoka. Alipona, lakini tulidhani nyoka."

Nilitaka kumwambia kwamba huenda kweli ni nyoka. Sikuweza. Nikatoa kompyuta yangu, ambamo nilikuwa nimeihifadhi programu yake, tukaisogeza kando ya chupa, yeye akiandika, mimi nikinyamaza kila nilipoweza. Hakutumia mistari yangu. Alitafuta njia yake, fupi kuliko yangu, ya kufuta kipimo kila mnyama anapobadilika. Tulipoijaribu ikakataa kama inavyopaswa, na yeye hakufurahi. Alikuwa ameshasimama, anafunga meza.

"Simu zao zote zina ile ya zamani," akasema.

Jioni ile yote tulizunguka kati ya ng'ombe, tukiomba watu simu zao. Wengine walitoa wakicheka. Yule mzee wa fimbo aligoma kwanza. "Mbona mimi ilinipa sawa?" Mama wa dawa akamweleza kwa Kisukuma, kirefu, kwa sauti isiyopanda, na mwisho mzee akaifungua simu mwenyewe. Wapo waliokuwa wameshaondoka na mifugo yao. Hao tuliwatumia salamu kwa majirani, na mpaka sasa sijui kama ziliwafikia wote.

Wakati nasubiri usafiri wa kurudi akaniambia, bila ukali, "Siku nyingine anza na ndama. Sifa utanipa nikishapona mshtuko."

Alirudi kundini. Aliweka programu mpya na akaeleza waziwazi kasoro ya ile ya kwanza ilikuwa nini. Mmoja akacheka rangi, zilikuwa zilezile. Wawili watatu wakauliza kwa dhati aliijaribuje. Vikatuni vya kucheka safari hii havikujipanga.

Juzi alinitumia nyingine, ya chanjo za kuku. Niliifungua wateja wakiwa mlangoni, nikaona tatizo karibu na mwanzo, nikaanza kuandika, nikafuta, nikaanza tena. Mwisho nikaiacha ile mashine na wateja wake, nikatoka nje kwenye upepo, nikampigia.

"Sema," akasema.

Nikamwambia.