Makala Yangu Ilipofika Ukweni

Chekeni tu jamani, mimi haya zilishaniisha zamani, ingawa mpaka leo nikipita Mwamanyili, kijijini kwa wakwe zangu, kuna watu wananiita Mashudu, na mimi naitika.

Mnajua mimi ni mtu wa biokemia. Miaka ile soko huria ndiyo limeingia, wanunuzi binafsi wanagombania pamba kwa malori, tajiri mmoja akafunga mashine ya kukamua mafuta pale Bariadi, basi mashudu, makapi ya mbegu za pamba zilizokamuliwa, yakawa tele na ng'ombe wakanenepa mpaka unaona raha kuwatazama. Mimi huko chuoni nilikuwa nachunguza sumu iliyomo kwenye mbegu ya pamba, ile ambayo dume la mnyama likiila kwa wingi uzazi unafifia. Baada ya miaka ya kuishi na panya, makala yangu ikachapwa kwenye jarida la Ulaya. Nililala nalo kitandani (ndiyo, nililala nalo), kisha nikaanza kungoja wanasayansi wenzangu waitaje kwenye maandishi yao. Hakuna aliyeitaja.

Ikafika siku ya kwenda kwao Kabula, mchumba wangu, kuzungumzia mahari. Kwetu muoaji siku hiyo hana mdomo, anakaa anatazama chini, anamwachia mshenga. Wangu alikuwa mjomba Masanja, naye alinionya, "Wewe kohoa tu, tena kidogo." Nikakubali, lakini sijui shetani gani alinipitia, nikalitia lile jarida ndani ya koti.

Mambo yalianza vizuri, tukasalimiana Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, ugali ukaletwa na mchuzi wa kuku, na ng'ombe wakaanza kutajwa. Ndipo baba yake Kabula, Mzee Ng'wandu, akauliza, "Na huyu kijana kazi yake nini?"

"Anapima panya," mjomba akajibu.

Watu wakaguna. Ningekohoa, yangeisha. Lakini iliniuma, nikasimama, nikachomoa jarida, nikaanza kufundisha, dume, mashudu, sumu, uzazi, na wote kimya wananisikiliza (wasomaji wangu wa kwanza!), nikanogewa hadi nikasema hata lile dume lao pale zizini wasilitegemee sana.

Mzee Ng'wandu akalipokea jarida taratibu, akaitazama picha ya mkono ulioshika panya.

"Mkono wako huu?"

"Ndiyo, baba."

"Na hiyo sumu uliishika kwa mkono huu huu?"

"Miaka yote, baba," nikajibu kwa fahari, maana nilidhani nasifiwa.

Shangazi yake Kabula akapaza sauti kutoka jikoni, "Mayu we! Kumbe dume lenyewe ndilo hili!"

Kicheko kikalipuka. Nikajitetea kwamba sumu ile haidhuru kwa kushikwa, mpaka iliwe. Mzee akauliza kama sijawahi kuila. Na mimi, kwa ukweli wangu wa kijinga, nikasema mafuta ya pamba tumeyala sote hapa. Nilitaka kuendelea kwamba mafuta yakisafishwa hayana neno, lakini wanaume wote walikuwa wameshautazama mchuzi na kunawa mikono. Kikao kikaahirishwa palepale.

Kabula alinisindikiza hadi njiani, macho mekundu. "Ulikuja kunioa au kunisomea?" Niliogopa kweli siku ile, kwa sababu nilimpenda, na nilijua nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Tulipokaribia nyumbani mjomba akanigeukia. "Nilisema ukohoe," akasema.

Baadaye wakakubali, kwa sharti kwamba Kabula asipozaa atarudi kwao na ng'ombe hawarudi. Wakati huohuo Mzee Ng'wandu akaacha kulilisha dume lake mashudu, majirani wakamfuata, na Mwamanyili nzima ikawa inatii makala yangu. Ulaya haijawahi kunipa heshima hiyo.

Kisha Kabula akajifungua mtoto wa kiume. Mzee akaja, akampakata, akamkagua kwa makini, akacheka hadi machozi. Aliporudi kwake akajaza mashudu kwenye hori la dume, na majirani nao wakajaza ya kwao. Hivyo aliyekuwa wa kwanza duniani kuijibu makala yangu ni mwanangu, naye aliikanusha bila kusema neno.

Bado naandika makala. Ila nikienda ukweni nakohoa tu, tena kidogo.